Napenda lugha, siasa na kuchora. Chuoni nikasome nini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Mbagala Kizuiani na mama na wadogo zangu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa HKL, na matokeo yametoka vizuri: Kiswahili A, Historia B, Kiingereza B. Siku ile mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza posa imetoka wapi.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Dirisha la kuomba vyuo limefunguliwa na sasa kila mtu nyumbani ana kozi yake mkononi. Mama, ambaye ni mama lishe pale Rangi Tatu, anataka nikasome Ualimu. Hoja yake ni moja tu: mwalimu halali njaa. Baba mdogo, ambaye ndiye amenilipia ada tangu baba alipofariki, anataka Sheria, na nikikosa Sheria basi chochote chenye neno "utawala" ili nipate kazi serikalini. Nilipotaja Kiswahili alicheka. "Si unakijua tayari? Unakwenda kusomea nini, kusalimia?" Nilipotaja sanaa hakucheka. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi.

Shida yangu, Shangazi, ni kwamba napenda vitu vitatu na sijui niache kipi. Lugha naipenda tangu zamani. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nahariri ubao wa habari, na mwalimu wa Kiswahili alikuwa ananipa insha za wenzangu nizipitie kabla yake. Siasa nayo: wenzangu likizo wanaangalia tamthilia, mimi nafuatilia Bunge, hasa kipindi cha maswali na majibu asubuhi. Napenda kumwona waziri akijibu swali ambalo hakuulizwa. Halafu kuna kuchora. Nachora katuni kwa kalamu ya wino kwenye kaunta buku tangu kidato cha pili. Sijafundishwa na mtu, shule yetu haikuwa na somo la sanaa.

Nimekuambatanishia picha ya katuni moja. Ni mwenyekiti wa mtaa anakata utepe kwenye bomba jipya, nyuma yake kuna foleni ya ndoo, na mdomoni mwa bomba kuna buibui. Mwenyekiti anasema: "Maji yatafuata. Leo tunazindua kiu." Niliituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ikatoka huko ikaingia kundi la mtaa. Kesho yake mteja mmoja akamwambia mama, "Mwambie binti yako apunguze."

Nimetafuta sana kozi moja inayochanganya vyote vitatu, sijaipata. Nikisoma siasa, mkono wangu utakufa? Nikisoma sanaa, nitakula nini? Nikisoma Kiswahili, watanicheka mpaka lini? Na baba mdogo nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mchora katuni, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu, na hongera. A ya Kiswahili haiokotwi barabarani.

Nianze na hiyo kozi unayoitafuta usiku kwenye simu, yenye lugha, siasa na sanaa kwenye jina lake. Acha kuitafuta. Jina la shahada ni mstari mmoja kwenye cheti. Kitakachokujenga kwa miaka yako ya chuo ni masomo utakayoyakalia darasani muhula kwa muhula, na hayo huwezi kuyajua kwa kusoma jina. Shahada nyingi za fani zako ni za miaka 3, mihula 6, na ndani yake kuna masomo ya lazima na ya hiari. Kwenye hayo ya hiari ndiko mchanganyiko wako utakakopata nafasi. Kwa hiyo ukiingia kwenye tovuti ya chuo usiishie ukurasa wa majina ya kozi. Shuka mpaka orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo, kwa sababu tovuti haitakwambia kwamba somo zuri la hiari la idara ya jirani linagongana na kipindi cha lazima kila Jumanne.

Sasa katuni yako. Nimeikuza kwenye simu na kuitazama kwa muda, kwa sababu jibu langu limetoka humo.

Mkono unao. Yule mama wa mwisho kwenye foleni, aliyegeuza ndoo akaikalia, mtoto mgongoni, hukuhitaji kumwandikia neno. Mgongo wake unasema ameanza kusubiri tangu alfajiri. Buibui umemchora mdogo, mtu asiyetazama vizuri hamwoni, na anayemwona anacheka mara ya pili. Hilo halifundishwi kirahisi. Maneno ndiyo yamenishinda kabisa. "Leo tunazindua kiu" ni sentensi ambayo wahariri niliofanya nao kazi wangeigombania.

Lakini umempiga mtu siye. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anachaguliwa na wananchi, anaitisha mikutano, anagonga muhuri barua zenu za utambulisho. Bomba la maji la jiji hili haliko mikononi mwake. Liko chini ya mamlaka ya maji, ambayo ina bodi yake, nayo iko chini ya wizara yenye waziri. Kati ya mwenyekiti wako na waziri huyo kuna diwani wa kata, kuna Halmashauri ya Manispaa ya Temeke, kuna mkurugenzi wa manispaa ambaye hakupigiwa kura na mtu bali aliteuliwa na Rais, na kuna mbunge anayepitisha bajeti ya wizara ile ile anayoilalamikia jukwaani. Mkasi ungeweza kuwa kwenye mkono wa yeyote kati ya hao, na kila mkono ungeleta katuni tofauti. Wewe ulimpa mwenyekiti kwa sababu ndiye unayemwona ukitoka getini. Nadhani hata yule mteja wa mama alikereka kwa sababu hiyo: alijua mwenyekiti wa watu ameonewa.

Ndiyo maana nakushauri shahada yako iwe ya siasa. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), inaitwa Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Sababu yangu si ajira, ingawa tutafika huko. Kuchora umejifundisha mwenyewe na umefika mbali bila mwalimu. Lugha unaisoma kila siku kwa hiari yako, hata usipolipwa. Lakini hakuna mtu Mbagala atakayekukalisha chini akufundishe jinsi bajeti inavyotoka wizarani mpaka ikawa sheria, kwa nini serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa miaka ya 80, Katiba ya 1977 inampa nani mamlaka gani, na wanafalsafa wamebishana nini kuhusu haki ya mtu kumtawala mwenzake. Hayo yanataka maktaba, mwalimu wa kukukatalia, na mtihani wa kukulazimisha kusoma kurasa zinazochosha. Chumbani kwako hutayafanya. Mimi nisingeyafanya.

Chukua ripoti ya CAG. Kila mwaka mwishoni mwa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humkabidhi Rais, Aprili inatua bungeni, na kwa wiki moja nchi nzima inaizungumzia kwa vichwa vya habari. Watu wanaoweza kuifungua yenyewe, kusoma jedwali, na kuelewa tofauti ya fedha zilizoibwa na fedha zilizotumika bila stakabadhi kamili ni wachache mno. Mchora katuni akiwa mmoja wao, ana kazi ya mwaka mzima ndani ya kitabu kimoja.

Usiielewe vibaya nafasi ya Kiswahili katika ushauri huu. Mwambie baba mdogo, kwa adabu, kwamba hata mimi najua kupika wali lakini sijawahi kuitwa kupikia harusi. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, hapo hapo Mlimani, haifundishi kusalimia. Inafundisha isimu, fasihi, tafsiri, uhariri, utungaji wa kamusi. Na soko la watu hao limepanuka tangu baba mdogo alipomaliza shule. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliingiza Kiswahili katika lugha zao rasmi mwaka 2019. Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. UNESCO walitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hapa nyumbani sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, jambo lenye maana kwamba sheria na hukumu nyingi zilizolala kwenye Kiingereza zinahitaji watu wa kuzitafsiri wasioharibu maana. Arusha kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Huko kote wakalimani na wafasiri wanahitajika, na wafasiri wazuri wa mambo ya siasa ni wale wanaoielewa siasa yenyewe, si wanaojua maneno tu.

Kwa hiyo kama utasoma orodha za masomo za kozi zote mbili na ukaona moyo unakuenda mbio kwenye ya Kiswahili, geuza: Kiswahili kiwe shahada, siasa iwe ya hiari. Sitakugombeza. Nimekuelekeza kwenye siasa kwa sababu katuni yako imenionyesha pengo liko wapi. Lugha yako haina pengo kubwa.

Ongeza Kifaransa ukiweza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2021, mwaka uliofuata Kongo ikaingia, na Burundi ilikuwamo zamani. Mlimani kuna idara ya lugha za kigeni, na Alliance Française wako Upanga.

Sanaa sasa, hapo ndipo uliponiandikia kwa woga. Mlimani kuna idara ya sanaa bunifu yenye sanaa za maonyesho, muziki, sanaa za ufundi na filamu. Si mahali pa waliofeli. Profesa Penina Mlama alianzia kwenye sanaa za maonyesho hapo hapo Mlimani, akafanya uzamivu katika lugha na isimu, akaandika na kufundisha, na akawa miongoni mwa waliosukuma sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo, kazi ambayo wasanii wanakwenda kijijini, wanakijiji wanatengeneza mchezo kuhusu tatizo lao wenyewe, na mchezo ukiisha mkutano wa kijiji unaanza pale pale, na viongozi wameketi. Baadaye aliongoza FAWE, shirika la wanawake wanaoshughulikia elimu ya wasichana Afrika. Lugha, siasa na sanaa, vyote kwenye maisha ya mama mmoja, na hakuvikuta kwenye kozi moja.

Hata hivyo sikushauri uanze na shahada ya sanaa, na nitakuwa mkweli kuhusu sababu. Unachochora wewe hakitangulizi rangi wala jukwaa, kinatanguliza hoja. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa jiji hili, aliingia chuo cha Ardhi kusoma usanifu majengo, akakaa muda mfupi, akaenda Nairobi mwaka 1992 kuchora magazetini, na tangu hapo marais wa kanda hii yote wamepita kwenye kalamu yake. (Usimsomee baba mdogo sehemu ya kuacha chuo.) Masoud Kipanya wa hapa kwetu, mbali na katuni, amekaa redioni miaka na miaka, na mwaka 2022 alitutolea hadi gari la umeme, hilo nalo sijui tuliweke kwenye fani gani. Wachoraji hawa wanakumbukwa kwa walichokiona kabla ya jirani zao, na mistari ikafuata. Kama baadaye utahitaji ufundi zaidi, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wanatoa astashahada na stashahada, na mtu mwenye shahada mkononi anaweza kwenda huko bila ukoo kulia.

Mkono usife, na hili ni sharti. Kuanzia wiki ya kwanza chuoni chora kila wiki, na uchore kilicho karibu. DARUSO, serikali ya wanafunzi, ina uchaguzi, ina kampeni, ina ahadi za chakula na usafiri, ina wagombea wanaoongea kama mawaziri wakiwa na miaka 22. Ni Bunge dogo lisilo na ulinzi mlangoni. Wachore hao. Ukikosea utakutana nao kwenye foleni ya chakula na watakwambia. Mwisho wa wiki nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, uone wasanii wa kweli wakifanya kazi na kubishana. Wana maonyesho na mafunzo. Makumbusho ya Taifa pale Posta nayo huwa na maonyesho. Mwenge kwa wachongaji unapita kila siku ukitoka chuoni, simama. Mtu aliyechonga mti mmoja ukawa na watu kumi na watano waliobebana amesema jambo la siasa kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuketi kuzisikiliza.

Kozi nyingine nitazipitia haraka. Uandishi wa habari, ambao shule yake ya UDSM iko Mikocheni, ni chaguo la pili zuri kwako. Huko utaandika sana na utajua gazeti linavyotengenezwa. Kasoro yake ni kwamba unaweza kumaliza ukijua namna ya kusema kabla ya kuwa na la kusema. Kurasini kuna chuo cha diplomasia, kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978 na sasa kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Ukipenda uhusiano wa kimataifa na lugha za kigeni, kiangalie, ila wewe katika barua nzima hujanitajia nchi nyingine hata moja. Dodoma kuna chuo kikuu kikubwa, na Bunge unalolifuatilia liko huko huko. Sheria ni njia ya heshima na ndefu: baada ya shahada bado kuna Shule ya Sheria kabla hujawa wakili, na kwenye barua yako neno sheria limetoka mdomoni mwa baba mdogo tu.

Kuhusu Ualimu, usimbeze mama. Shahada ya Ualimu yenye Kiswahili na Historia ni lugha na siasa kwa jina jingine, na nchi hii imetawaliwa na mwalimu kwa zaidi ya miaka 20. Lakini ile hesabu ya "ukimaliza unapangiwa shule" imebadilika. Siku hizi walimu nao wanaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira na kuitwa kwenye usaili, wengi kwa nafasi chache. Mueleze taratibu, jikoni, si mbele ya wateja.

Pesa. Ufadhili wa Samia unaousikia ni wa waliofanya vizuri masomo ya sayansi, kwa hiyo wewe mlango wako ni Bodi ya Mikopo. Mwongozo wao hutoka kila mwaka na vigezo hubadilika, usome wa mwaka huu, usitegemee aliyoyasema binamu aliyeomba zamani. Kwa kuwa baba yako ni marehemu, cheti chake cha kifo kina uzito katika maombi. Hicho na cheti chako cha kuzaliwa vinatakiwa kuhakikiwa RITA, wakala wa vizazi na vifo, na foleni ya RITA msimu huu ni ndefu, hata ya mtandaoni. Anza na hilo kesho. Watoto wengi wenye sifa hukwama kwenye karatasi. Ukipata mkopo, fedha ya chakula na malazi imekuwa shilingi 10,000 kwa siku. Bumu hilo halitoshi kwa mtu anayelipa chumba Sinza na nauli za Mbagala kila wiki, kwa hiyo omba hosteli mapema.

Maombi ya chuo utayatuma moja kwa moja kwa kila chuo. Kwa hesabu ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, A ni pointi 5 na B ni 4, na kiwango cha chini cha shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Mawili yako ya juu yana 9. Hofu ya kukosa chuo iweke pembeni. Angalia tu kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU masomo ambayo kila kozi inayataka. Weka Siasa na Utawala wa Umma mbele, Kiswahili au uandishi wa habari nyuma yake. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa namba utakayotumiwa kwenye simu, na simu hiyo iwe yako, si ya rafiki. Ukifika chuoni ukajikuta umekosea, mwanzoni mwa mwaka wa kwanza huwa kuna muda mfupi wa kuhama kozi kwa wenye vigezo, nafasi zikiwepo. Ukipita huo, kuhama ni kazi.

Na yule mteja aliyesema upunguze? Nusu yuko sahihi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na mtu anayechora viongozi anapaswa kuzisoma zote mbili kabla ya kuzisikia kwa askari. Chora cheo na tendo. Usichore maumbile ya mtu, mke wake, watoto wake wala dini yake. Na kabla hujabonyeza kutuma, uwe na uwezo wa kueleza kwa sentensi moja kwamba ulichochora ni kweli. Ya bomba usingeweza.

Baba mdogo sasa. Mwanangu, huyu bwana amekulipia ada miaka yote hiyo na hakuwa na lazima. Usimwendee na hoja, mwendee na shukrani, na uende na mama. Lakini kwanza mama mwenyewe awe amekubali. Chapisha ukurasa wa kozi stesheneri, karatasi mkononi ina heshima kuliko simu. Kisha mwonyeshe jina: Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Yeye mwenyewe alisema akikosa Sheria anataka chochote chenye neno utawala. Hujampinga, umemsikiliza. Akiuliza kazi, mtajie maofisa tawala, maofisa utumishi, watafiti, Bunge, asasi za kiraia, mashirika ya kimataifa. Kaunta buku iache nyumbani siku hiyo. Aione ukishasajiliwa.

Nenda Jumapili hii akiwa ametulia, maana dirisha la TCU halisubiri kikao cha ukoo.

Shangazi